Datsun 1600 ya mwaka 1971 yenye injini ya L20B: tuivalishe matairi ya saizi gani?

Mwanzisha uzi (Tanga)

Wakuu, salaam. Ninaomba ushauri wenu kuhusu matairi ya Datsun 1600 ya mwaka 1971, ile ambayo wapenzi wa magari ya zamani duniani huiita 510. Nimeirithi kwa mjomba wangu. Injini yake ya L16 ilikuwa imechoka, kwa hiyo fundi akaweka L20B iliyotoka kwenye Datsun 200B. Kwa kuwa nguvu imeongezeka, mbele tumefunga diski na kalipa (vibano vya breki) kubwa kuliko za kiwandani, na springi fupi zimelishusha gari kama inchi moja na nusu.

Tatizo ni kwamba kalipa hizo haziingii tena ndani ya rimu za inchi 13, na hata hayo matairi ya 165R13 yaliyokuwapo yameanza kupasuka ubavuni ingawa kashata (meno ya tairi) bado ni ndefu. Mwenye duka mmoja hapa mjini ananishawishi nichukue 195/65R15 kwa maelezo kwamba ndiyo saizi iliyojaa kila mahali na bei yake ni nafuu. Rafiki yangu wa Dar es Salaam anasema niweke rimu za sporti za inchi 15, pana, nivalishe 205/50R15 ili gari likae vizuri machoni. Wapo pia wanaoniambia nitafute rimu za 14.

Gari natembelea mwisho wa wiki tu, mara nyingi kwenye lami. Mara mojamoja ninapanda Lushoto kupitia Mombo, na kuna kipande cha vumbi na matuta kabla ya kufika nyumbani. Usukani hauna pawa. Nianzie wapi?

Mchangiaji wa Arusha

Ndugu mwanzisha uzi, swali lako umelianzia kwenye rimu, na ndivyo wafanyavyo karibu wote wenye magari ya namna hii. Mimi ningekushauri ugeuze mpangilio: chagua kwanza tairi ambalo unaweza kulipata jipya leo na utakaloweza kulipata tena baada ya miaka minne au mitano, ndipo utafute rimu ya kulibeba. Rimu nzuri utakaa nayo miaka na miaka, lakini tairi utalinunua tena na tena, na ukijifunga kwenye rimu ambayo saizi yake imetoweka sokoni utaishia kununua chochote kilichobaki rafuni. Enzi za General Tyre ya hapa Arusha na Firestone ya Nairobi, tairi la inchi 13 lilikuwa tairi la kila mtu. General Tyre ilisimamisha uzalishaji, Firestone ikaja kuwa Sameer Africa, nayo ikafunga kiwanda chake cha Nairobi mwaka 2016. Leo tunauziwa kile ambacho waagizaji wana hakika kitatoka haraka, maana yake ni saizi za Toyota na Honda zinazoingia kutoka Japani.

Kabla hujaenda dukani, tafuta kipenyo cha tairi lako la zamani. Maandishi 165R13 hayana namba ya kimo cha ubavu kwa sababu wakati ule ubavu wa takribani asilimia 80 ya upana ndio uliohesabiwa kuwa wa kawaida. Kwa hiyo 165 mara 0.8 ni milimita 132, na kwa kuwa ubavu upo juu na chini ya rimu unazidisha mara mbili na kupata 264. Ongeza rimu ya inchi 13, ambayo ni milimita 330, na jumla inakuwa 594. Hiyo ndiyo namba ya kulinda, kwa sababu spidomita, uwiano wa difu na nafasi iliyomo ndani ya fenda vilipangwa kwa gurudumu la kimo hicho.

Sasa zipime ulizotajiwa. Kwenye saizi hizi namba ya kwanza ni upana kwa milimita, ya pili ni kimo cha ubavu kama asilimia ya upana huo, na ya mwisho ni rimu kwa inchi. Tairi la 195/65R15, ambalo Premio na Allion nyingi hulivaa, lina kipenyo cha karibu milimita 635. Tofauti ya milimita 40 ni karibu asilimia 7, kwa hiyo spidomita ikionyesha 100 wewe utakuwa unakaribia 107, na kile ulichokipata kwa kuweka L20B kitapungua kwa sababu kila gia itakuwa imerefushwa. Zaidi ya hapo, gari limeshushwa. Tairi la kimo hicho litasugua fenda siku ya kwanza utakapokata kona ukiwa umepakia watu nyuma. Mwenye duka hana nia mbaya, ila anauza tairi la Premio na wewe huna Premio.

Ile 205/50R15 ina kipenyo cha 586, hivyo kwa kimo haina kosa. Ugomvi wangu nayo ni upana. Datsun 1600 ina uzito wa chini kidogo ya tani moja, na sehemu zake za mbele ziliundwa kwa ajili ya tairi jembamba. Ukiweka tairi la milimita 205 kwenye rimu ya inchi 7 bila pawa, utaujua uzito wa usukani siku utakapoegesha gari sokoni. Vilevile tairi pana chini ya gari jepesi halikandamizi barabara kwa nguvu ile ile, kwa hiyo wakati wa masika linaanza kuelea juu ya maji kwa mwendo mdogo kuliko tairi jembamba lenye upepo sawa. Na ubavu wake ni mfupi: milimita 102 tu, dhidi ya 132 za zamani. Kwenye shimo la lami lenye kingo kali, hizo milimita 30 ndizo zinazoamua kama utaondoka na mtikisiko au na rimu iliyopinda.

Kuna jambo jingine ambalo watu hulisahau kwenye 1600 ya saluni, tofauti na ile ya steshenwagoni yenye springi za majani. Nyuma kila gurudumu lina mkono wake, na ukilishusha gari mikono hiyo huinamisha magurudumu, juu yakaingia ndani na chini yakatoka nje. Kiwandani hawakuweka sehemu ya kurekebishia mwinamo huo. Kadiri tairi linavyokuwa pana ndivyo linavyolika upande wa ndani, mahali ambapo huoni mpaka ulale chini ya gari. Nimeona matairi ambayo ukiyatazama kwa nje ni mapya kabisa, huku ndani waya zimeanza kuchungulia. Kwa hiyo kabla ya kununua tairi lolote, peleka gari likapimwe alaimenti ya magurudumu yote manne, kisha umuulize fundi wako kama anaweza kutanua matundu ya bolti kwenye kromemba ya nyuma (boriti inayoshika mikono hiyo) au kuweka bushi maalumu ili mwinamo upungue.

Ukinilazimisha kuchagua, nitasema hivi. Kama kalipa zako zinaingia ndani ya rimu ya inchi 14, tafuta rimu yenye upana wa inchi 5.5 au 6 na uivalishe 185/65R14. Kipenyo chake ni 596, karibu sawasawa na cha zamani, ubavu una milimita 120, na upana umeongezeka kiasi cha kuituliza L20B bila kuharibu usukani. Kama kalipa zinadai inchi 15, basi 185/60R15, ambayo Honda Fit za siku hizi zimeifanya ipatikane madukani, ina kipenyo cha 603. Hiyo ni asilimia 1.5 tu zaidi. 195/55R15 ina kipenyo kinachofaa hata zaidi, milimita 595 hivi, lakini iulizie kwanza kama ipo, na kama ipo iulizie ni ya mwaka gani.

Wanaodhani tairi jembamba ni la watu wasiojua mwendo, watazame picha za Datsun 1600 SSS ya Edgar Herrmann na Hans Schüller iliyoshinda Safari Rally ya mwaka 1970.

Mchangiaji wa Nairobi

Nimesoma kwa makini na ninakubaliana na hesabu za kipenyo, lakini kuhusu upana ningependa kuweka maoni tofauti. Gari yangu ni 1600 pia, imefungwa 205/50R15 kwenye rimu za inchi 7, na kwenye kona imeshikamana na barabara vizuri kuliko ilivyowahi kuwa. Usukani ni mzito ukiwa umesimama, hilo ni kweli, lakini gari ikishaanza kutembea unausahau.

Pia naona hatujagusa ofseti, yaani umbali wa sehemu ya rimu inayokalia habu kutoka katikati ya upana wake, na hapo ndipo pesa nyingi hupotea. Datsun 1600 ina bolti nne zenye PCD (kipenyo cha duara la bolti) ya milimita 114.3, na Nissan nyingi za baadaye, kama Bluebird na Primera za miaka ya tisini, zina PCD hiyo hiyo. Mtu akiona hivyo anakimbilia Kirinyaga Road kununua rimu za mtumba za Primera akidhani zitaingia moja kwa moja. Rimu za magari yanayovutwa na magurudumu ya mbele zina ofseti kubwa, mara nyingi kati ya 35 na 45, wakati 1600 inataka rimu yenye ofseti ndogo. Ukizifunga zinazama ndani, tairi linagusa shokapu ya mbele, na muuzaji anakupa spesa (bamba la kuisogeza rimu nje) kama suluhisho. Ni afadhali umtafute anayeuza rimu sahihi, hata kama ni za chuma, kuliko kuweka spesa nene kwenye bolti fupi za zamani.

Mchangiaji wa Arusha

Ndugu yangu wa Nairobi, ahsante kwa kuleta suala la ofseti, maana nililipita. Niongeze tu kwamba ukienda upande wa pili, yaani rimu inayotokeza nje sana, unabadilisha mahali ambapo uzito wa gari unakaa kwenye beringi za habu, na usukani unaanza kuvutwa huku na huku kila gurudumu moja linapopita kwenye shimo. Usukani usio na pawa hauna kitu cha kukukinga na mvuto huo.

Kuhusu 205, sina sababu ya kutoamini kwamba kwenye lami kavu gari lako limeshikamana zaidi. Ila tazama matumizi ya mwenzetu: lami ya kawaida, kona za kutoka Mombo kwenda Lushoto ambako mvua inaweza kukukuta katikati ya mlima, na kipande cha vumbi. Kwa matumizi hayo ningependa gari lianze kuteleza polepole na kwa taarifa, siyo lishikilie mpaka mwisho kisha liachie ghafla. Tairi lenye ubavu mrefu kiasi hukupa taarifa hiyo mapema kupitia usukani.

Mchangiaji wa Mombasa

Mimi sijabadilisha breki, kwa hiyo bado ninatumia rimu za 13. Hapa dukani nimeonyeshwa 165R13 zenye herufi C mwishoni, na nyingine zimeandikwa LT na 6PR. Muuzaji ananiambia ni ngumu, hazipati pancha ovyo, na zinadumu. Je, nizichukue? Na je, ni lazima niweke tyubu kwenye rimu hizi za zamani?

Mchangiaji wa Arusha

Usizichukue. Hayo ni matairi ya pikapu na vigari vya mizigo, yametengenezwa yabebe uzito mkubwa yakiwa na upepo mwingi. Chini ya saluni ya kilo mia tisa na kitu hayatalegea hata kidogo. Ukiyajaza upepo kama yanavyotaka, gari litarukaruka kama mbuzi na breki zitafunga mapema kwenye barabara yenye maji. Ukipunguza upepo ili yalainike, hayatafanya kazi yaliyoundiwa. Kwa gari lako tafuta 165R13, 165/80R13 au hata 185/70R13 ya gari dogo la abiria, ambayo ina kipenyo cha 589 na inakaa vizuri kwenye rimu ya inchi 5. Ukiwa na uwezo wa kuagiza nje, Michelin bado wanatengeneza XAS ya 165R13 kwa ajili ya magari ya zamani, ila bei yake haifanani na ya matairi tuliyoyazoea.

Uzito usikutie hofu. Tairi lenye namba ya mzigo 82 linabeba kilo 475, kwa hiyo manne yanabeba kilo 1,900, na gari lako likiwa limejaa abiria halifiki huko. Herufi inayofuata ni ya mwendo: S ni kilomita 180 kwa saa, T ni 190, H ni 210. Yeyote anayeihitaji V kwenye 1600 atueleze anaendesha wapi.

Kuhusu tyubu, zitazame rimu zako upande wa ndani, pale tairi linapokalia. Rimu za tyubulesi zina tuta dogo linalozunguka, ambalo huzuia ukingo wa tairi usichomoke upepo unapopungua. Rimu nyingi za zamani hazina tuta hilo, na kwa rimu kama hizo tyubu ni ya lazima, iwe ya saizi ile ile na iliyotengenezwa kwa matairi ya radial, yaani yale yenye herufi R. Mwambie fundi apitishe mkono ndani ya tairi na kubandua lebo za karatasi kabla ya kuiweka, kwa sababu lebo hizo husugua tyubu mpaka itoboke.

Mwanzisha uzi (Tanga)

Ninashukuru sana, wakuu. Leo nimepata rimu za chuma za inchi 14 zenye upana wa 5.5, tumezijaribisha bila tairi, na kalipa zimeingia zikabaki na nafasi ya kupitisha kidole kidogo. Maswali mawili yamebaki. La kwanza ni la umri: duka moja lina 185/65R14 mpya lakini zimeandikwa 1418, na muuzaji anasema tairi ambalo halijatembea halizeeki. Duka la pili lina za Kichina zilizoandikwa za mwaka jana. La pili ni upepo: kitabu cha gari kinataja kiasi kidogo sana, je, nikifuate?

Mchangiaji wa Arusha

Tarakimu hizo nne ni wiki na mwaka, kwa hiyo 1418 ni wiki ya 14 ya mwaka 2018. Mpira unazeeka hata ukiwa umelala stoo, na katika joto la pwani unazeeka haraka zaidi. Hayo matairi yako ya zamani yaliyopasuka ubavuni huku kashata ikiwa ndefu ndiyo ushahidi. Gari la mwisho wa wiki haliui matairi kwa kutembea, linayaua kwa umri, na hapo ndipo ninapotofautiana na wanaotafuta tairi la kudumu. Kwenye ubavu mara nyingi utakuta neno TREADWEAR na namba. Yenye 500 inadumu kilomita nyingi lakini mara nyingi mpira wake ni mgumu. Yenye 300 inalika haraka zaidi na mara nyingi inashika vizuri zaidi. Kwa kilomita unazotembea wewe, hata ile laini itazeeka kabla haijalika, kwa hiyo usilipie udumu ambao hutautumia. Baina ya kampuni yenye jina iliyokaa stoo miaka na ya Kichina ya mwaka jana, mimi ningechukua ya mwaka jana, mradi alama ya TRACTION (mshiko kwenye barabara yenye maji) iwe A na siyo B au C.

Upepo wa kitabu uliandikwa kwa matairi ya wakati ule na kwa gari lenye springi za wakati ule. Anza na psi 28 mbele na 28 nyuma, asubuhi kabla tairi halijapata joto. Kisha chukua chaki, chora mstari kukatisha tairi kutoka ukingo mmoja hadi mwingine, na uendeshe mita mia kadhaa mahali palipo sawa na pakavu. Shuka utazame. Chaki ikifutika katikati na kubaki pembeni, upepo umezidi. Ikifutika pembeni na kubaki katikati, umepungua. Ikifutika upande wa ndani peke yake huko nyuma, basi ni ule mwinamo tuliouzungumza, na upepo hautautibu.

Siku ya kufunga, usilipe mpaka ufanye jaribio hili: bandika donge la udongo laini kwenye shokapu ya mbele, usawa wa tairi, na jingine kwenye ukingo wa ndani wa fenda. Kalisha watu wawili wazito nyuma, zungusha usukani mpaka mwisho kulia, kisha kushoto, huku gari likitembea polepole na kupita kwenye tuta. Ukikuta donge limebanwa likabaki jembamba chini ya milimita 5, hiyo nafasi haitoshi.

Mchangiaji wa Nairobi

Na fundi akikaza nati kwa mashine, zilegeze zote uzikaze upya kwa mkono, kwa mtindo wa msalaba, halafu uzirudie baada ya kilomita kama 50. Rimu za chuma zilizopakwa rangi mpya hulegea rangi inapojikandamiza chini ya nati.

Mwanzisha uzi (Tanga)

Nimeelewa. Kesho ninalipeleka gari alaimenti kwanza, na matairi ya mwaka jana nimeweka oda ya manne pamoja na la tano la akiba, kwa kuwa lile la akiba lililoko kwenye buti bado ni 165R13 na rimu yake haitaingia tena kwenye kalipa za mbele.

Mchangiaji wa Arusha

Hilo la akiba ulilolitaja ndilo ambalo wengi hugundua usiku wakiwa njiani. Angalia pia kama rimu ya 14 inaingia kwenye shimo lake ndani ya buti kabla hujalipia la tano.